Dola Safi Sana ya Vaso Kablar

Ely, Nevada
6 Machi 1972

Kwa Bwana Merle Kempfer, mwenye duka la sarafu, Reno

Bwana,

Ndani ya bahasha hii, niliyoituma kwa rejista, mna dola moja ya fedha ya mwaka 1889. Chini ya tai aliyechorwa upande wa nyuma ina herufi mbili, C na C, maana yake ilitengenezwa Carson City. Karani wa posta ameniuliza mara tatu kama kweli nataka kuiwekea bima dola moja. Nimemwambia asome fomu, nimeshaijaza.

Dola hii nimeachiwa na marehemu Vaso Kablar, aliyefanya kazi miaka arobaini na minne kwenye kiwanda cha kuyeyushia shaba kule McGill. Hakuwa ndugu yangu. Nilimfundisha kusoma na kuandika, Jumapili mchana, pamoja na wanaume wengine wa kutoka ng'ambo waliokuwa wakitafuta uraia. Alifeli mtihani wangu mara nne. Mwezi wa kwanza mwaka huu amefariki. Wosia wake unasema vitu vyake vyote achukue mtoto wa ndugu yake, Milan Kablar, aliyeko Butte, Montana, isipokuwa dola hii, ambayo nipewe mimi. Kwa nini mimi, sijui. Ninachojua ni kwamba maisha yake yote aliwaambia watu, na mimi nilimsikia kwa masikio yangu: "Dola yangu haijanunua hata kipande cha mkate tangu izaliwe."

Kaburi lake lina kijiti cha mbao chenye namba, basi. Nataka kuiuza dola nimwekee jiwe. Nimeambiwa wewe ni mwaminifu, ingawa ulimi wako hauna adabu. Naomba unipe daraja la sarafu hii na bei yake, kwa mwandiko unaosomeka.

Leota Pruitt
Mwalimu (mstaafu)


Reno
13 Machi 1972

Bi. Pruitt,

Dola imefika. Si ya bandia. Nimeipima uzito na nimezikagua herufi kwa lenzi. Sarafu za Carson City za mwaka ule ni adimu, kwa hiyo ulifanya vyema kuiwekea bima, na karani wako ni mjinga.

Daraja: Safi Sana.

Nywele za yule bibi aliyechorwa upande wa mbele, juu ya sikio, zimefutika. Shavu limelala. Mng'ao wa kuzaliwa nao haupo. Tena imesuguliwa. Uliisugua kwa nini, na lini?

Nijibu hilo la mwisho, ndipo nikupe bei.

M. Kempfer


Ely
17 Machi 1972

Bwana Kempfer,

Asante kwa habari njema. Safi Sana! Sikutarajia chini ya hapo, kwa sababu Bwana Kablar alikuwa na makosa mengi ya tahajia lakini hakuwa mwongo.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa Bwana Oakes, mchonga mawe, nikaagiza jiwe jeusi la itale, futi nne kwenda juu. Nimemwandikia na Milan kule Butte kwamba dola ya baba yake mkubwa imepimwa na mtaalamu na imepata Safi Sana. Nadhani atafurahi. Kwenye mazishi hakunisemesha hata neno moja.

Sijaelewa maneno yako kuhusu nywele na shavu, wala sijaelewa swali lako la mwisho. Sarafu sijaigusa ila kwa leso. Tafadhali leta bei. Bwana Oakes anataka ya kuanzia.

Leota Pruitt


Reno
21 Machi 1972

Bi. Pruitt,

Mungu wangu. Futa hilo jiwe jeusi.

Kosa ni langu. Nilidhani kila mtu anajua. Katika kazi yetu madaraja hayaendi kama kwenye shule yako. Sarafu ambayo haijatumika kabisa inaitwa Mpya. Iliyoguswa kidogo ni Karibu Mpya. Chini yake Safi Mno, halafu ndiyo Safi Sana. Chini yake Safi. Chini yake Nzuri Zaidi, na chini kabisa, pale ambapo bibi amebaki kivuli na tai anafanana na kuku aliyenyonyolewa, tunasema Nzuri.

Kwa hiyo Safi Sana ni sarafu iliyochakaa. Imechakaa kwa heshima, lakini imechakaa. Kama ingekuwa Mpya, ungeshuka hapa Reno ukanunua gari dogo jipya ukarudi nalo Ely. Ilivyo, utapata runinga. Na kwa sababu imesuguliwa, runinga yenyewe ni ya mtumba.

Na imesuguliwa, Bi. Pruitt. Usiniambie habari za leso. Fedha ya zamani huwa na rangi yake, kijivu chenye joto, kama shingo ya njiwa. Hii ni nyeupe kama jino la kubandika. Nikiielekeza kwenye dirisha naona mistari myembamba inayozunguka, duara juu ya duara. Huo ni mswaki. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na moja na kila wiki kuna mtu anakuja na sarafu ya babu yake aliyoipiga mswaki ipendeze. Ni sawa na kumkwangua samaki magamba halafu ukamwambia aogelee.

M. Kempfer


Ely
27 Machi 1972

Bwana Kempfer,

Nimesahihisha madaftari miaka arobaini na moja, na sijapata kumwambia mtoto "vizuri" nikimaanisha "umefeli". Kama Nzuri ni mbaya, na Safi Sana ni chakavu, na kitu kikisafishwa si safi tena, basi nyinyi watu wa sarafu mngehitaji kukaa darasani kwangu Jumapili chache.

Nimekwenda kufuta jiwe. Bwana Oakes alicheka mbele ya mke wake. Nimelazimika pia kumwandikia Milan barua ya pili na kumnakilia ngazi yako yote, toka Mpya mpaka Nzuri, kwa sababu siwezi kumwacha mtu na habari isiyo ya kweli niliyompa mimi mwenyewe.

Naomba uiangalie tena. Bwana Kablar alisema haijatumika. Uchakavu utatoka wapi? Labda lenzi yako ina uchafu.

Sijaisugua. Nisingependa kuulizwa tena.

Leota Pruitt


Butte, Montana
2 Aprili 1972

Mwalimu Pruitt,

Barua zako mbili nimezipata. Ya kwanza inasema Safi Sana. Ya pili inasema Safi Sana maana yake imechakaa. Mke wangu Zorka amezisoma zote mbili kwa sauti, nami nikamwambia azisome tena, nikidhani kichwa changu ndicho kibovu.

Sasa nisikilize. Nilipokuwa na miaka saba nilikwenda McGill na baba yangu. Baba Mkubwa Vaso aliniweka magotini akanionyesha ile dola. Iling'aa mpaka nikaiona pua yangu ndani yake. Aliniambia, "Milan, hii nilipewa siku ya mshahara wangu wa kwanza Amerika, mwaka 1913, na sitaitumia mpaka nife." Wala hakuitumia. Wakati wa njaa kuu, kazi zilipokosekana nchi nzima, alikula viazi na kitunguu miezi mitano, dola iko mfukoni. Baba yangu alimwita punda kwa ajili hiyo.

Leo unaniambia imechakaa kama dola ya mlevi wa kamari. Basi hii si ile. Kuna mtu ameibadilisha. Walioishika ni watatu: wakili wa wosia, mwenye duka, na wewe. Wakili ni mvivu na hana akili ya kujua dola ipi ni adimu. Mwenye duka simjui. Wewe nakujua. Ulimwita Baba Mkubwa kichwa cha jiwe mbele ya wenzake. Alitusimulia mwenyewe.

Nakupa mpaka mwisho wa mwezi huu uilete dola halisi. Baada ya hapo nitakuja na nitapitia kwa sherifu kwanza.

Milan Kablar


Ely
7 Aprili 1972

Bwana Kempfer,

Nimekunakilia barua ya Milan Kablar, uisome mwenyewe. Sijawahi kuitwa mwizi. Nina miaka sabini na mbili.

Nimefikiri na ninaona njia moja tu. Ukiandika kwenye karatasi yako yenye jina la duka neno moja, Mpya, nikampelekea, atatulia. Sitaiuza sarafu. Nitaifungia kabatini na hakuna mtu atakayedhulumika. Jiwe nitalitafuta kwa njia nyingine. Ni neno moja tu, Bwana Kempfer, herufi nne.

Ilitoka kwa wakili ikiwa ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Niliifungua mwenyewe, mezani kwangu. Hakuna mwingine aliyeigusa mpaka ilipofika kwako. Sijaibadilisha. Naapa.

Leota Pruitt


Reno
12 Aprili 1972

Mwalimu,

Hapana.

Leo nikiandika Mpya kwa ajili yako, kesho nitaandika kwa ajili ya shemeji yangu, na keshokutwa karatasi yangu haifai hata kufungia vitumbua. Sina mali nyingine. Hili duka ni la kupanga, lenzi ni ya marehemu mwalimu wangu. Nilicho nacho ni kwamba nikisema Safi Sana, mtu wa New York ambaye hajawahi kuniona anajua ni Safi Sana. Kukuomba usinitake nifanye hivyo tena ni kukuheshimu, kwa hiyo nakuomba.

Ila kwa kuwa umenikera, nimeiangalia tena. Nimefunga duka siku nzima ya Jumatatu. Na sasa nakwambia jambo nililopaswa kuliona Machi, kama nisingekuwa nimeukasirikia mswaki wako.

Dola inayotembea madukani huchakaa pande zote mbili. Hugongana na wenzake, hudondoka sakafuni, ukingo wake hupata majeraha. Hii yako ukingo wake hauna hata doa. Meno yake yote yapo, makali. Upande wa bibi ni Safi Sana, sibadilishi. Lakini upande wa tai, Mwalimu! Manyoya ya kifua yamesimama moja moja. Kama ningeonyeshwa upande huo peke yake ningesema Karibu Mpya bila kupepesa macho. Nilifuata kanuni: sarafu hupewa daraja la upande wake mbaya. Lakini kanuni haikuniambia niache kujiuliza.

Uchakavu wa upande wa bibi nao haufanani na wa madukani. Umeanzia shavuni ukaenda kwenye nywele, umelala kwa mshazari, laini kama sabuni. Ni kidole gumba. Kidole gumba cha mkono wa kulia, cha mtu mmoja, miaka mingi sana.

Tena katikati ya manyoya ya tai, mswaki ulikoshindwa kufika, kuna nta. Nta ya nyuki, imekauka, ina vumbi la tumbaku.

Mtu wako hakudanganya. Hakuitumia. Aliibandika kwenye nta, tai chini, bibi juu, ndani ya kitu fulani cha mfukoni, akawa anampapasa. Huyo kijana wa Butte, alichukua vitu vya marehemu? Mwambie atafute kopo. Na mwambie macho ya mtoto wa miaka saba si mizani. Fedha iliyopapaswa kila siku hung'aa mno, ndiyo maana aliiona pua yake.

Habari ya mswaki bado iko palepale. Mficha uchi hazai, Mwalimu.

M. Kempfer


Butte
25 Aprili 1972

Mwalimu,

Ile sehemu ya barua ya mtu wa Reno uliyoninakilia, ya kidole gumba na nta, nimeipata. Niliisoma nikasema ni porojo, watu wawili wamekaa wametunga. Zorka akasema, "Kopo la vifungo."

"Kopo gani la vifungo?"

"La baba yako mkubwa. Lile la tumbaku. Uliniletea nikaweka vifungo."

Tukamwaga vifungo mezani. Chini mlikuwa na nta, nyeusi kwa uchafu. Lazima wakili ndiye aliyeing'oa dola kabla kopo halijanifikia. Mwezi wa pili nilitaka kuikwangua nipakie viatu, Zorka akanizuia kwa sababu kisu kingetoboa kopo. Nikaifuta kwa kitambaa chenye maji ya moto kidogo. Mwalimu, tai alikuwemo. Amezama ndani ya nta na mabawa yake yote, kila unyoya. Chini ya mkia kuna herufi mbili C, zimegeuka zinatazama kushoto. Nililiinua kopo nikalipeleka dirishani nikayahesabu manyoya, nami nafanya kazi chini ya ardhi, mgodini, si mtu wa kuhesabu manyoya.

Basi. Nilikuita mwizi na wewe si mwizi. Sijui kuandika maneno mazuri ya kuomba radhi, kwa hiyo naandika hivyo hivyo: nisamehe. Kwa sherifu sikwenda.

Tena nina jambo ambalo sikutaka kukwambia kwa sababu lilinikera. Nilikuwa naye hospitali siku tatu za mwisho. Nilimwuliza kuhusu dola. Nikasema, "Baba Mkubwa, kwa nini mwalimu? Alikufelisha mara nne!" Akasema, "Ndiyo maana. Wengine wote walinipiga begani, vizuri Vaso, vizuri. Mapadri, wasimamizi, wote. Yule mwanamke peke yake ndiye aliyeniambia nimekosea wapi. Hajanidanganya hata mara moja." Nikamwambia hiyo si sababu. Akafumba macho, akageukia ukuta.

Sasa nadhani ni sababu.

Milan


Ely
29 Aprili 1972

Mpendwa Milan,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni na koti mwilini, sikuweza kungoja. Sina cha kukusamehe. Wewe ndiye utakayepaswa kufikiri kama utanisamehe, ukimaliza kusoma hii.

Bwana Kempfer ameniuliza mara tatu kama niliisugua dola. Mara mbili nilikana kwa maandishi, na mara ya tatu nilinyamaza, ambayo ni kukana pia. Niliisugua. Siku ile ile wakili aliponipa. Niliifungua bahasha mezani, nikaona kitu cheusi, kinanata, kinanuka tumbaku na jasho. Nikafikiri: masikini Vaso, ndiyo hii aliyojivunia. Niliona haya kwa niaba yake. Nilitaka mtaalamu atakapoiona aone alichokuwa akikieleza. Nikachukua magadi soda na mswaki nikaishughulikia nusu saa, mpaka ikawa nyeupe. Nilipendezwa sana na kazi yangu.

Sikujua kwamba inaharibu. Lakini nilijua tangu barua ya kwanza ya Reno kwamba nimeharibu, na kuanzia hapo nilidanganya kwa kujua. Nilimwandikia mtu asiyenijua kwamba niliigusa kwa leso. Nimewahi kuwasimamisha watoto ukutani kwa uongo mdogo kuliko huo.

Ile rangi niliyoiondoa haikuwa uchafu. Ilikuwa ni miaka hamsini na tisa ya mkono wake. Dirishani kwangu sasa kuna mti wa tufaha unaanza kuchipua upya na siwezi kuutazama, maana rangi ile haitachipua tena.

Umeniambia alisema sijamdanganya. Imekuwa vigumu kulimeza neno hilo. Darasani sikuwahi kumdanganya, hiyo ni kweli, na kichwa cha jiwe nilimwita, hiyo nayo ni kweli. Nilimwita hivyo kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa chini ya meza kila mara. Nilidhani anafanya mchezo. "Mikono juu ya meza, Bwana Kablar!" Miaka mitano nilimpigia kelele hivyo. Alikuwa akiutoa, anashika kalamu, akikosea neno unarudi chini tena.

Dola ni yako. Nitamwambia Bwana Kempfer aitume Butte. Fanya nayo utakavyo, na kwa sherifu unaweza kwenda.

Leota Pruitt


Butte
8 Mei 1972

Mwalimu,

Nilikasirika siku tatu. Nilikuwa nikila nakasirika. Kwenye kazi mwenzangu aliniuliza kuna nini, nikamwambia kuna mwanamke huko Nevada kapiga mswaki dola, akaniangalia kama mgonjwa.

Siku ya nne Zorka alisema, "Na wewe ulichoma godoro lake. Na viatu vyake ulivitupa shimoni kwa sababu vilinuka. Mbona hukujipeleka kwa sherifu?" Ukiwa na mke wa namna hiyo huwezi kukasirika unavyotaka.

Dola usiilete. Uza. Mwambie mtu wa Reno amwambie mnunuzi kila kitu, mswaki na kidole gumba na yote. Sitaki mtu adanganywe kwa dola ya Baba Mkubwa. Nunua jiwe la ukubwa ambao hela itatosha. Mimi nabaki na kopo. Vifungo tumehamishia kwenye chupa.

Nitakuja jiwe likiwa tayari.

Milan


Reno
27 Mei 1972

Mwalimu,

Imeuzwa, na karibu initoe roho.

Wa kwanza alikuwa daktari wa meno. Aliiangalia, akasoma karatasi yangu, "Safi Sana, imesuguliwa kwa mswaki," akaniambia ningenyamaza kuhusu mswaki angelipa zaidi. Nikamwambia atoke. Wa pili alitaka kujua kama naweza kuipaka rangi ya moshi ifanane na ya zamani. Mambo hayo yanafanyika, Mwalimu, kuna watu wanaoka sarafu ndani ya viazi. Huyo nilimtoa kwa mkono.

Wa tatu ni mama mmoja mfuga ng'ombe wa kutoka upande wa Winnemucca, mjane, kofia kubwa, matope mpaka magotini. Alikuja kununua zawadi ya mjukuu. Nilimweleza habari yote, tangu viazi na kitunguu mpaka Butte. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo hii ninaweza kuishika? Sihitaji kuiweka kwenye plastiki?" Nikasema, ishike, imeshaharibika. Akalipa nilichotaja bila kupunguza, akaitia mfuko wa shati, akasahau zawadi ya mjukuu. Nimemwita barabarani, hakugeuka.

Hundi iko ndani. Sijakata asilimia yangu. Usinishukuru, sina hali ya kushukuriwa wiki hii.

Mwambie huyo kijana alitunze kopo mbali na jiko. Sijaliona, lakini kwa jinsi alivyolieleza, tai yule wa nta ni Mpya. Naweza kuiandika hiyo kwenye karatasi yenye jina la duka, akitaka.

M. Kempfer


Ely
3 Julai 1972

Bwana Kempfer,

Nakushukuru, upende usipende.

Jiwe ni la kijivu, futi mbili, na limewekwa Ijumaa. Lingewekwa Jumatano kama si Bwana Oakes. Milan na Zorka walifika Jumanne, wameendesha gari siku mbili, wamevaa nguo za kanisani katika joto hili. Jumatano asubuhi tukaenda makaburini sote. Bwana Oakes akaondoa turubai kwa mbwembwe. Limeandikwa VASO KABLER.

Nikamwambia, "Herufi ya tano ni A."

Akasema, "Mama, kwa mbali haionekani."

"Mimi siko mbali."

Akasema jiwe haliwezi kufutwa kama ubao. Akasema watu wengi wa kutoka ng'ambo majina yao yaliandikwa hivi na hivi. Mwishowe akamgeukia Milan amsaidie, na Milan, kwa mshangao wangu, akamsaidia. "Mwalimu, tuache tu. Baba Mkubwa mwenyewe jina lake aliliandika ovyo."

Nikamwambia, "Aliliandika ovyo mpaka mwaka 1938. Mtihani wa tano aliliandika sawasawa, nami nilikuwepo."

Nikaketi juu ya lile jiwe. Upepo ulikuwa unapuliza vumbi la kiwanda moja kwa moja usoni, kofia yangu ikaenda, Zorka akaikimbilia. Bwana Oakes alizunguka gari lake mara mbili akizungumza peke yake. Baada ya saa moja hivi akasema upande wa nyuma wa jiwe umelainishwa nao, anaweza kuchonga upya huko na kuligeuza, lakini itakuwa Ijumaa, na itabidi nisimame ili alipakie. Milan alipaswa kurudi kazini Jumamosi. Alikwenda posta kumpigia simu msimamizi wake, nami nikamsikia nikiwa nje akipiga kelele: "Siku mbili! Kwa sababu ya A! A! Herufi, mpumbavu wewe!" Alipotoka alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka. Akaniambia, "Sasa najua kwa nini alifeli mara nne."

Lile kosa limebaki nyuma, linatazama mlima. Kondoo watalisoma.

Ijumaa Bwana Oakes alipomaliza akaondoka bila kuaga. Zorka aliweka mkate na chumvi kidogo. Milan alipiga goti mbele ya jiwe akapitisha kidole kwenye kila herufi, akizitaja kwa sauti moja moja, K, A, B, L, A, mpaka mwisho, halafu miaka, halafu McGill. Alikuwa anazitafuna herufi na kichwa kimeinamia kifuani, nusu ya maneno yakachukuliwa na upepo.

Nikamwambia asome tena, na anaposoma asimame wima.

Akasimama.

Leota Pruitt